Mafungu ya Namba Ishirini na Saba

4 Machi

Mama Vifungo mwenzangu,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema tisa, halafu salio linakwisha. Hapa itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Mgongo unaendelea vizuri. Bado naruhusiwa kukaa nusu saa tu, kisha nalala chali nimenyooka kama meza ya kupigia pasi. Mdogo wangu na mkewe wamenipa chumba cha mbele, wao wamejibana na watoto. Wifi ananiogesha mwenyewe tangu nilipotoka kupasuliwa, na sijamsikia akiguna hata siku moja. Unanijua, mimi sipendi kudaiwa hata kibiriti. Kila wiki namtolea pesa ya matumizi kutoka kwenye mafao yangu ya ugonjwa, na usingizi naupata baada ya hapo.

Mafao yenyewe nayashukuru mno. Uliniambia pesa za Mfuko wa wafanyakazi hazitoki mpaka mtu azikwe, nikajaza fomu huku nimekata tamaa. Zikatoka hata miezi miwili haijaisha.

Sasa sikia balaa. Juzi imekuja barua ya Ofisi ya Kodi. Wanasema tangu Oktoba hadi Februari nina vipato viwili: mafao ya Mfuko, na ujira wa kiwandani. Wameambatanisha na taarifa ya mishahara. Namba yangu, ishirini na saba, mafungu mawili ya kola kwa siku. Mimi, ambaye hata kujigeuza kitandani nilikuwa nageuzwa! Kwa hesabu yao nimekatwa kodi pungufu, nadaiwa tofauti. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mafao ni ya mtu asiyefanya kazi. Wameyasimamisha kuanzia mwezi huu hadi nijieleze, na nikishindwa narudisha yote ya miezi mitano.

Daktari anataka miezi mitatu mingine ya mazoezi kliniki, na kila ukienda unalipa. Ameniambia wazi kwamba bila mazoezi hayo nisahau kukaa kwenye cherehani.

Nimefikiri, nikaona mtu mmoja tu. Anayeandika taarifa ya mishahara ni nani? Miwani, karani wetu. Ameona namba yangu haina mtu, akaigeuza mfanyakazi hewa, kila mwisho wa mwezi anachukua bahasha. Mtu ambaye miaka sita sijaona meno yake. Nitamwandikia afisa wa kodi nimtaje.

Mpe salamu mwenye nyumba wangu. Uliponiambia kasema nitalipa pango nikirudi, nililia. Miezi mitano hajanisumbua. Kumbe watu wema bado wapo.

Mimi mwenzio,
Bi Kola


9 Machi

Bi Kola,

Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili, usiseme sikusikilizi.

Nimefurahi kusikia mgongo unasogea. Huku wote tisa wa mstari wa dirishani wanakusalimu. Mkataji anasema kiwanda kimepoa tangu uondoke, hakuna wa kumfokea. Agizo la sare za shule limeingia, tunashona hadi vidole vinakufa ganzi.

Kuhusu hilo la kodi, naomba usiwe na haraka. Ofisi hukosea, tena sana. Pengine ni namba imeingia mahali pa namba. Usimtaje mtu kwanza. Karani ni mtu wa kununa, ni kweli, lakini kununa si kosa. Nipe wiki mbili niulize ulize taratibu, halafu nitakuandikia.

Kula, lala, fanya mazoezi. Mambo ya pango usiyafikirie kabisa.

Wako,
Mama Vifungo


12 Machi

Kwa Afisa wa Kodi, Dirisha la Nne

YAH: UJIRA NISIOULIPWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mshonaji wa kola. Tangu tarehe mosi Oktoba sijagusa uzi wala sindano. Vyeti vya hospitali naviambatanisha, pamoja na picha ya mgongo, ujionee mwenyewe.

Ujira uliomo kwenye taarifa ya kiwanda sikuufanyia kazi na sikuupokea. Naamini umetengenezwa na karani wa mishahara kwa manufaa yake, kwa kuwa ndiye pekee anayeshika kitabu na bahasha. Naomba achunguzwe.

Nakuomba pia, mwanangu, kama una umri wa mwanangu, uyafungulie mafao yangu. Nilikuwa nayashukuru kila mwezi kwa sauti, hata wifi anacheka. Sikuyaiba.

Wako mtiifu,
Mshonaji, namba 27


19 Machi

Kwa Mshonaji, namba 27

YAH: MAREKEBISHO YA KODI NA MAFAO YA UGONJWA

Rejea barua yako ya tarehe 12 Machi. Ofisi imepokea vielelezo vyako na imewasiliana na mwajiri. Mwajiri ametujulisha kuwa karani wa mishahara amesimamishwa kazi bila ujira kuanzia tarehe 16 Machi, kupisha uchunguzi. Karani alipoulizwa juu ya ujira wa namba 27 hakutoa maelezo yoyote.

Unatakiwa kuleta tamko lililosainiwa, likieleza kwa ukamilifu unachokijua kuhusu ujira huo, kabla ya tarehe 9 Aprili. Mafao yataendelea kusimama hadi tamko litakapopokelewa. Tamko la uongo ni kosa la jinai.

Picha ya mgongo imerudishwa pamoja na barua hii. Ofisi hii haina utaalamu wa kuisoma. Nakutakia nafuu.

Afisa wa Kodi, Dirisha la Nne


22 Machi

Mama Vifungo,

Wiki mbili zako nilishindwa kuzingoja. Nilimwandikia afisa, na Miwani yuko nyumbani tangu tarehe kumi na sita. Ameulizwa, kakaa kimya kama maji mtungini. Mtu msafi angejitetea. Sasa nadaiwa tamko tu. Nitaandika yale yale, mafao yatafunguliwa, nami nitarudi kliniki. Wiki hii sikwenda, sikuwa na pesa, na mguu wa kushoto umeanza tena kufa ganzi.

Nimemwandikia na mwenye nyumba barua ya shukrani. Nimemwambia atapata pango lake lote na kitu cha juu.

Mbona wewe umenyamaza? Si kawaida yako. Au unamwonea huruma Miwani?

Bi Kola


25 Machi

Bi Kola,

Kaa vizuri. Kama nusu saa yako imekwisha, lala kwanza, halafu usome.

Mwenye nyumba amenijia na barua yako mkononi. Anauliza mbona unamshukuru kwa kungoja, na yeye hajangoja hata siku moja. Amelipwa pango lako kila tarehe mbili. Nimemlipa mimi, kwa bahasha ya namba ishirini na saba.

Naanza mwanzo. Ulipoondoka, Bosi alisema cherehani isiyotoa mafungu kwa miezi miwili atampa mtu mwingine. Na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuonyesha watu chumba chako. Tukakaa sisi tisa wakati wa chakula cha mchana. Tukakubaliana kwamba kila siku mmoja wetu ale kwa dakika kumi, muda unaobaki akae kwenye cherehani yako ashone kola. Mafungu mawili, kola ishirini kila fungu. Kwenye tiketi ya fungu, ile karani anayohesabia ujira, tukaandika ishirini na saba.

Hatukuona kama ni uongo. Wewe mwenyewe unajua, humu ndani namba ni ya cherehani. Kola zimetoka kwenye cherehani ishirini na saba, basi zimeandikwa ishirini na saba. Hakuna aliyefikiria kwamba huko nje, kwenye vitabu vya kodi, namba ile ni wewe.

Kola zangu za kwanza zilipinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mkataji alinifumulia usiseme. Nilijifunza.

Kwa nini hatukukuambia? Kwa sababu ungekataa. Ungeturudishia kila senti kutoka kitandani, na dawa ungenunua na nini? Ndiyo maana nilikudanganya kwamba mwenye nyumba atangoja, nikakuacha udhani ni wema wake. Barua yako ya kwanza ilipokuja, niliogopa. Tungefukuzwa wote tisa. Nikaomba wiki mbili ili nipate ujasiri, sikuupata. Sasa mtu asiye na hatia yuko nyumbani bila ujira, na wewe umekosa kliniki. Kosa ni langu. Nisamehe.

Mama Vifungo


29 Machi

Mama Vifungo,

Siku mbili sikuweza kuandika. Wifi alidhani mgongo umerudi.

Kwanza nilikasirika. Miezi mitano nimelala hapa najisifu kwamba sidaiwi na mtu, kumbe watu tisa wanakula kwa zamu mbio mbio kwa ajili yangu. Nimejiona mjinga. Halafu nikamkumbuka Miwani, nikaona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nimemwita mwizi kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimeamua hivi. Kwenye tamko nitasema niliyapanga mambo haya mimi. Kwamba nilimpa mtu pesa anishonee kwa namba yangu ili kazi isinitoke, na mtu huyo simtaji. Karani atasafishika, nyinyi hamtaguswa. Mafao ya miezi mitano nitayarudisha kidogo kidogo hata kwa miaka kumi. Kliniki basi. Kama sitakaa tena kwenye cherehani, nitapata la kufanya nikiwa nimesimama. Siwezi kuruhusu mtu apoteze mkate wake kwa sababu yangu.

Nitalituma tarehe tano. Usinijibu kunibembeleza.

Bi Kola


4 Aprili

Bi Kola,

Usisaini. Nimempa dereva wa lori la vitambaa barua hii aje nayo mwenyewe, ili ikuwahi.

Barua yako niliisoma mbele ya wote. Mkataji, ambaye unajua hasemi sana, alisema: "Tumeshona kola ili akae, yeye anataka kusimama maisha yake yote." Tuliacha vyakula vyetu mezani, tukapanda ngazi kwenda kwa Bosi. Kwenye ngazi nilitaka niingie peke yangu, niseme ni mimi tu. Walinikatalia. Tukaingia tisa, mlango ukashindwa kufungika.

Nilieleza kila kitu, mpaka zile kola zilizopinda. Bosi alisikiliza huku anazungusha kalamu. Akasema maneno matupu hayamsaidii. Kodi wanataka kujua nani alishona siku gani, la sivyo kiwanda kitaonekana kimeghushi. Nani angekumbuka zamu za miezi mitano? Bosi akampigia karani aje.

Alikuja na miwani yake na ule uso wake. Bosi akamwuliza zilipo tiketi za namba ishirini na saba. Akaingia chumbani kwake, akafungua kabati lake akatoa boksi la viatu. Tiketi zote, zimefungwa kwa wiki. Nyuma ya kila moja, kwa penseli, ameandika nani alikuwa amekaa kwenye cherehani yako mchana ule. Dirisha la chumba chake linatazama mstari wetu, Bi Kola. Alikuwa anatuona tangu siku ya kwanza. Kila mwisho wa mwezi alinipa bahasha yako huku ameinamia kitabu, nami najiona mjanja.

Bosi alipandwa na hasira. Akamwuliza kama alijua, kwa nini alikubali kukaa nyumbani siku kumi na tisa bila ujira, wakati neno moja lingemtoa. Karani akasema: "Neno hilo lingewatoa tisa. Nilingoja walilete wenyewe."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Tumepewa barua za onyo kumi, tisa zetu na moja ya karani. Karani amerudi kazini siku hiyo hiyo. Boksi limepelekwa Dirisha la Nne. Wewe andika ukweli tu, kama ulivyo. Na ukitaka kutulipa, mimi sitakujibu barua tena.

Mama Vifungo


16 Aprili

Kwa Mshonaji, namba 27

YAH: KUFUNGWA KWA SHAURI LA MAREKEBISHO YA KODI

Rejea tamko lako la tarehe 6 Aprili, taarifa mpya ya mwajiri, na tiketi zilizowasilishwa.

Ofisi imejiridhisha kuwa kazi iliyoandikwa kwa namba 27 ilifanywa na wafanyakazi wengine tisa. Ujira huo umehamishiwa kwao kwa kufuata tiketi, na kodi ndogo iliyozidi watakatwa wao. Walichokulipia kutoka katika ujira wao ni hiari yao na hakikuhesabiwa kuwa kipato chako. Kipato chako cha kazi, Oktoba hadi Februari, ni sifuri. Hudaiwi kodi yoyote.

Mfuko umejulishwa. Mafao ya Machi na Aprili yatalipwa kwa pamoja.

Umeuliza katika tamko lako iwapo unaweza kuwalipia wenzako kodi iliyozidi. Niliwauliza walipokuja kusaini. Wamekataa wote, mmoja wao kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua ya ofisi. Nakushauri uliache.

Nimekaa dirisha hili miaka kumi na moja. Watu huja hapa kusema kazi fulani si yao wakikwepa kodi. Hawa walikuja kusema ni yao. Nimefurahi kuwahudumia.

Afisa wa Kodi, Dirisha la Nne


20 Aprili

Kaka Karani,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana. Katika ya kwanza nilikuahidi kukulipa ujira wa siku zako kumi na tisa. Katika ya pili nilieleza sababu zote zilizonifanya nikushuku. Wifi yangu alizisoma, akaniuliza kama huwa naweza kusema asante bila kutoa kitu au kujitetea. Nikamwambia sijawahi.

Basi naanza na kosa. Nilikuita mwizi, kwa maandishi, kwa mtu ambaye angeweza kukupeleka mahakamani. Ushahidi sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni kwamba hucheki. Nimekaa mstari ule miaka sita nikikuita Miwani nyuma ya mgongo wako, na nadhani umesikia. Nisamehe kwa yote mawili.

Mama Vifungo ameniandikia ulivyomjibu Bosi. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata. Ulikuwa na boksi kabatini. Ulijua aliyekuchongea ni mimi, kwa kuwa wamekuonyesha jina. Ungelitoa siku ile ile, ungelala kwako umesafishika, na sisi kumi tungekuwa nje. Hukulitoa. Sijui nyumbani ulikula nini siku zile, na naogopa kuuliza, kwa sababu nikijua nitataka kulipa.

Nimezoea kurudisha. Nikiazimwa kikombe cha sukari, narudisha kimejaa zaidi, ili mtu asipate la kunisema. Nilidhani huko ndiko kuwa na heshima. Hili lako halina kikombe cha kurudishia, kaka yangu, wala mafungu ya wale tisa. Nimejaribu kutafuta njia mpaka nikachoka. Sasa nimeacha. Nimepokea. Asante.

Mafao yametoka juzi, na jana nimerudi kliniki. Nilikaa kitini saa nzima bila kulala chali. Mtaalamu wa mazoezi alishangaa, akaniuliza nimefikaje hapo wakati wiki zote zile sikuja. Nikamtajia watu kumi, mmoja mmoja, na alikuwa na subira ya kunisikiliza mpaka mwisho. Nilianza na wewe.

Dada yako,
Bi Kola